Mtoa Habari Namba Saba

Jumatatu na Jumatano, baada ya Isha,
tunapanda ngazi juu ya duka la matangi ya maji,
Mabela, mtaa wa nyuma:
watu wazima kumi na mmoja na mabegi ya watoto wetu.
Langu lina picha ya paka aliyefutika sikio.

Sleyyum alikuwa polisi miaka ishirini na tisa.
Insha zake ni ripoti za ajali:
saa, mahali, majeruhi.
Ghaniya ana saluni; anataka saikolojia
kwa sababu, asema, kwenye kile kiti
nimesikia mambo yasiyo na kitabu.
Mie nilikuwa simu ya hospitali,
"subiri nakuunganisha" kwa lugha nne,
hadi mashine ikajifunza kusema hivyo bila kukohoa.

Mwalimu ni Mundhir, rika la kitindamimba wangu.
Neno lake moja: Nani kasema?
Andika "inajulikana kwamba". Nani kasema?
Andika "zamani watu walipendana",
ataweka kalamu chini:
zamani ipi, watu gani, walipendana na nani?
Mwezi wa kwanza nilirudi nyumbani nikalilia sufuria.
Utoto wote naambiwa usiulizeulize,
na uzeeni natoa riali zangu niulizwe.

Akatufundisha kusoma na penseli mkononi.
Kitabu hakikuamrishi, alisema, kinakusemesha,
kijibu pembeni.
Mie niliyelelewa kwamba kitabu hakichorwi,
hakikaliwi, hakiwekwi chini,
nikatia alama ya kuuliza, ndogo kama sisimizi,
kisha nikatazama mlango.

Halafu ile makala. Kurasa kumi na nne
juu ya waliotoka Unguja wakaja Omani miaka ya sabini.
Ukurasa wa tisa:
*Watoa habari kadhaa walitaja changamoto za mazingira.
Mmoja (Na. 7, mwanamke, takriban miaka sitini)
alieleza kwamba majira ya kwanza ya baridi, Ibra,
alipika amevaa soksi mikononi.*

Soksi za baba. Za kijivu.
Moja ilitoboka, gumba likichungulia
kushika mwiko.
Nilikuwa na miaka sita na nilicheka hadi nikapigwa.

Mama katoa habari, wala hakunambia.
Siku gani? Yule mtafiti alikunywa chai yake
au aliiacha ikapoa juu ya kinasa sauti?
Na kile kicheko, maana mama hakutaja soksi
bila kucheka kwanza, kimekwenda wapi?
Kimeandikwa "alieleza".

Nikanyanyua mkono. Nikasema, namba saba ana jina.
Kiyoyozi kikadondosha tone ndani ya ndoo.
Mundhir akauliza, taratibu mara hii:
Nani kasema?
Mie.
Basi thibitisha.

Nilimchukia mpaka Jumatano.

Soksi hazipo. Mama hayupo wa kumuuliza.
Ni Sleyyum aliyegeuza kiti chake:
Shahidi mtoto naye ni shahidi.
Andika ulisimama wapi.
Mlangoni mwa jiko, mguu mmoja juu ya mwenziwe,
sakafu ilikuwa inauma.
Ghaniya akadakia: Na aliyekupiga nani?
Hilo nalo likaingia, aya ya pili.

Insha ina maneno mia nane. Aya ya tatu bado inachechemea,
hitimisho nimelifuta mara nne.
Lakini mwisho kabisa, kwenye orodha ya marejeo,
baina ya profesa wa herufi R na profesa wa herufi T,
nimeandika:
Shinuna binti Khalfan. Mazungumzo ya jikoni. Ibra.

Imerudi leo na duara jekundu.
Tarehe?

Nimemjibu pembeni, kwa penseli:
Baridi.